Pampu Sita, Ploti Moja, na Maji Bado Hayapandi

Mpangaji wa ghorofa ya tano amenunua pampu yake. Jirani wa ghorofa ya tatu amepandisha tangi la lita 500 juu ya paa. Mwenye nyumba ameongeza tangi la lita 10,000 pale chini, naye keateka, mtunza jengo, amebadilisha bomba lililokuwa likivuja. Kila mmoja ametoa pesa, kila kifaa ni kizima, na Jumamosi jioni watu bado wanabeba mitungi kwenye ngazi. Ni hali ya kawaida Pipeline, Zimmerman, Umoja, Kayole na popote Nairobi ambako fleti zimepanda juu kuliko presha ya maji ya mtaani.

Mwongozo huu ni wa keateka, kamati ya wapangaji na mwenye nyumba wanaotaka kujua pesa yao imeishia wapi. Katika ploti za namna hii, yaani majengo ya kupangisha, kifaa kibovu si mshukiwa wa kwanza. Anzeni kwenye maungio: pale pampu ya mmoja inapovuta kutoka bomba la wote, pale bomba jipya linapounganishwa na la zamani, pale tangi kubwa linapolishwa na koki ndogo. Kila aliyenunua alitazama kipande chake, na hakuna aliyefuata maji kutoka barabarani hadi kwenye bafu la juu kabisa.

Kabla ya kununua chochote, fuata maji

Chukua karatasi na kalamu. Anzia kwenye mita ya kampuni ya maji, fuata bomba hadi tangi la chini, kutoka hapo hadi pampu, kutoka pampu hadi paa, halafu ushuke na mabomba ya kugawa. Chora kila koki, kila kiungo na kila bomba linalochepuka. Andika vipenyo. Kazi hii huchukua saa mbili au tatu na haina gharama, lakini ndiyo inayoamua kama matengenezo yatadumu. Huwa inafichua vitu vitatu hivi: bomba ambalo hakuna anayejua linakwenda wapi, koki iliyofungwa nusu tangu fundi wa mwaka juzi, na pampu iliyounganishwa usiku bila keateka kuambiwa.

Baada ya mchoro, pima mambo matatu.

La kwanza ni maji yanayoingia. Siku ya mgao, soma mita maji yanapoanza kutoka, kisha yanapokatika. Mita huhesabu kwa mita za ujazo, na moja ni lita 1,000. Usihesabu dakika za mwanzo, kwa sababu hewa inayotangulia maji bombani inaweza kuizungusha mita.

La pili ni maji yanayofika juu. Simama kwenye tangi la paa na mtungi wa lita 20, uwashe pampu, upime kwa saa ya simu. Mtungi ukijaa kwa sekunde 60, unapata lita 20 kwa dakika. Ukichukua dakika 3, unapata chini ya 7.

La tatu ni yanayopotea. Pima kina cha maji katika tangi la paa saa tano usiku, pampu zikiwa zimezimwa, kisha upime tena saa kumi na moja alfajiri. Tangi lenye kipenyo cha mita 1.5 hupoteza karibu lita 18 kwa kila sentimita inayoshuka.

Mfano wa hesabu tutakaoutumia ni ploti ya nyumba 24, ya chini pamoja na ghorofa tano, kila nyumba ikiwa na watu watatu. Watu 72 wakitumia lita 70 kila mmoja kwa siku, ploti inahitaji karibu lita 5,000 kwa siku, yaani lita 35,000 kwa wiki.

Dalili: tangi jipya ni kubwa, lakini halijai

Hili ndilo kosa ghali kuliko yote. Tangi huweka maji tu, haliwezi kuyaleta. Tuseme mtaa wenu hupata maji Jumanne na Alhamisi, kwa muda wa saa 12 kila siku. Yakiingia kwa lita 10 kwa dakika, ni lita 7,200 kwa siku moja, au 14,400 kwa wiki. Ploti inahitaji 35,000. Ongeza tangi la lita 10,000, ongeza la 20,000, upungufu unabaki lita 20,600 zilezile.

Kwa hiyo shughulikia njia ya kuingilia kwanza, kwa mpangilio huu:

Funga koki baada ya mita, fungua kiungo, safisha kichujio kidogo kilicho kwenye mdomo wa mita. Kutu na mchanga hujikusanya humo, hasa mahali maji hukatika na kurudi kila wiki. Mita yenyewe ni ya kampuni. Ikiwa imefungwa kwa sili, usiikate, waite waje.

Kagua koki kuu. Zile za zamani za kuzungusha mara nyingi huvunjika ndani: mkono unazunguka vizuri lakini kile kisahani kimekwama katikati ya njia. Ukiizungusha hadi mwisho na sauti ya maji isibadilike, ibadilishe.

Angalia koki ya boya ndani ya tangi, ile inayojifunga yenyewe tangi likijaa. Bomba la kuingilia likiwa la inchi 3/4 na boya limefungiwa koki ya inchi 1/2, ndiyo inayoamua kasi ya kujaza. Hapa pesa kidogo hufanya kazi kubwa.

Baada ya hayo, pima tena. Mkifikia lita 25 kwa dakika, mtapata lita 36,000 kwa wiki, na sasa ndipo ukubwa wa tangi unakuwa swali la maana. Pengo refu kati ya migao ni kutoka Alhamisi jioni hadi Jumanne asubuhi, siku nne na nusu, sawa na lita 22,500. Hicho ndicho kiasi cha kuhifadhi, ukijumlisha ya chini na ya paani. Mkizidisha hapo, mnanunua plastiki ya kukaa tupu. Na kama yanayoingia bado ni machache baada ya njia kusafishwa, tatizo liko barabarani. Peleka rekodi ya mita kwa kampuni ya maji, au panga kununua maji ya lori, ukijua sasa ni lita ngapi hasa zinazokosekana.

Dalili: pampu zinanguruma mchana kutwa, paa halijai

Sehemu hii isomwe polepole, kwa kuwa ndipo juhudi za mmoja hula za mwenzake.

Kwanza, pampu huenda inazungusha maji. Pampu mbili au tatu zinapovuta kutoka tangi moja la chini na kusukuma katika bomba moja la kupanda, kila moja inahitaji vali ya njia moja, ile inayozuia maji kurudi nyuma, kwenye mdomo wake wa kutolea. Ikikosekana, pampu inayofanya kazi husukuma maji juu, nayo sehemu yake hushuka kupitia ile iliyozimwa na kurudi tangini. Stima inalipwa, maji yanatembea, paa halioni kitu. Namna ya kuthibitisha: funga koki ya pampu iliyozimwa, kisha upime tena mtungi wa lita 20 kule juu. Muda ukipungua, umempata mwizi. Wakati mwingine utaona hata feni ya ile iliyozimwa ikizunguka yenyewe. Itazame tu, usiiguse.

Pili, huenda zinanyang'anyana mdomo. Bomba moja la kuvutia maji la inchi moja linaweza kuitosheleza pampu moja ndogo. Zikiwa tatu, kila moja inavuta njaa. Utasikia sauti kama kokoto ndani ya chuma, na sahani ya ndani italiwa taratibu. Dawa ni kuziwasha kwa zamu, au kuipa kila pampu tundu lake kwenye tangi. Kuongeza pampu ya nne huzidisha ubovu.

Tatu, namba za kwenye kibandiko hazikusomwa pamoja. Pampu ya nusu hospawa (kipimo cha nguvu ya mota) inaweza kuandikwa kimo cha mwisho mita 35 na mtiririko wa mwisho lita 35 kwa dakika. Hizo namba mbili hazipatikani kwa wakati mmoja. Kimo kikifika 35, mtiririko ni sifuri. Katika ploti yetu, ngazi sita za mita 3 ni mita 18. Ongeza stendi ya mita 2 na kimo cha tangi lenyewe mita 2, unafika 22. Kwa makadirio ya mstari ulionyooka, pampu hiyo itatoa karibu lita 13 kwa dakika, kabla ya kutoa msuguano wa bomba. Kupandisha lita 5,000 kutachukua zaidi ya saa sita. Ya hospawa moja, yenye kimo cha mwisho mita 50 na mtiririko wa mwisho lita 50, itatoa karibu 28 kwa dakika na kumaliza kwa saa tatu. Hapa ndipo pampu sita za watu sita zinapoumiza: kwa bei yake, ploti ingenunua mbili zinazofaa na chenji ikabaki.

Jambo moja zaidi kuhusu hizi ndogo za bei nafuu: usipunguze maji kwa kufunga koki ya kutolea. Aina hii hula stima nyingi zaidi njia inapobanwa, na waya wa mota huungua. Pia usiiendeshe kwa ekstensheni nyembamba kutoka nyumba ya mtu. Umeme hushuka njiani, mota hukwama ikijaribu kuanza, na tokeni za mpangaji mmoja zinamaliza kazi ya wote. Siku akihama, maji yanahama naye.

Dalili: fundi amebadilisha bomba, na sasa hali ni mbaya kuliko mwanzo

Bomba la zamani la chuma la inchi moja lina nafasi ya ndani ya karibu milimita 27. Fundi anaenda dukani, anakumbuka kwamba inchi moja ni milimita 25, ananunua bomba la plastiki la PPR la milimita 25. Lakini PPR huhesabiwa kwa kipenyo cha nje. Ile ya 25 yenye ukuta mnene, inayouzwa kwa maji ya moto, ina nafasi ya ndani ya milimita 16.6 tu. Kwa mtiririko uleule, kipenyo kikipungua kiasi hicho, msuguano huongezeka karibu mara kumi. Inayochukua nafasi ya inchi moja ni PPR ya 32, na hata hiyo ina milimita 21 ndani, kwa hiyo kwa bomba refu la kupanda paani ni afadhali ya 40.

Angalia pia kipande kimoja kilichobaki katikati. Mita kumi za bomba jipya nene, kisha kiungo cha inchi 1/2 alichokuwa nacho fundi mfukoni, kisha mita kumi nyingine nene. Kila kipande kipya kinapita maji vizuri kikiwa peke yake, lakini yote yanasubiri pale penye koo. Mchoro wenye vipenyo ndio unaofichua jambo hili; macho hayatoshi, hasa bomba likiwa ndani ya ukuta.

Dalili: chini wanafurika, juu wanapata matone

Tangi likikaa moja kwa moja juu ya zege la paa, kutoka chini ya tangi hadi kichwa cha bafu la ghorofa ya tano ni karibu mita moja. Maji yenye kimo cha mita kumi hutoa presha ya ba moja (ba ni kipimo cha presha), kwa hiyo mpangaji huyo ana ba 0.1, na hita ya bafu huenda isiwake kabisa. Wa chini ana takriban ba 1.6 kwenye bomba lilelile. Anapofungua mfereji, maji yanamkimbilia yeye.

Mpangaji wa juu hufunga pampu ndogo kwenye bomba linaloingia kwake. Inamsaidia wiki moja. Lakini inavuta kutoka bomba la pamoja, kwa hiyo jirani wa mkabala hupata hewa, naye ananunua yake. Ya tatu inafuata. Baada ya mwezi, bomba la kugawa linavutwa hadi likawa tupu kila jioni, na hewa iliyoingia inakwama kwenye kona za juu.

Tiba ni mbili, zifanywe pamoja. Inueni tangi kwa stendi ya mita 2, presha ya juu ipande mara tatu. Kisha ghorofa mbili za juu zipewe bomba lao la kushukia, lisilogusana na la ghorofa za chini. Baada ya hapo, pampu za milangoni zing'olewe zote siku moja. Ikibaki hata moja, mnarudi mlikotoka.

Kuhusu uzito hatutaki mtu achukulie mzaha. Lita 1,000 ni tani moja. Paa la kutembelea tu kwa kawaida hupigiwa hesabu ya takriban kilo 150 kwa mita ya mraba. Tangi la lita 1,000 linakalia karibu mita moja ya mraba. Matangi kumi na mawili ya wapangaji kumi na wawili, kila moja likiwekwa penye nafasi, ni hatari kwa wote walio chini yake. Stendi ikae juu ya nguzo na mihimili, na mhandisi wa majengo aangalie kabla ya tangi kupanda.

Dalili: bili inapanda na maji hayaonekani

Jumlisha mita ndogo za nyumba zote kwa wiki moja, kisha linganisha na mita kuu. Tofauti kubwa ina maana maji yanapotea kabla ya kufika milangoni, au kuna bomba lisilo na mita.

Kama kina cha tangi la paa kilishuka usiku, anzeni na vyoo. Tia rangi ya chakula kwenye sisteni, lile tangi dogo la choo, ngoja nusu saa bila kuvuta. Rangi ikionekana bakulini, raba imechoka. Uzi wa maji wa lita moja kwa kila dakika 10 ni lita 144 kwa siku, mgao wa watu wawili. Halafu tazama bomba la kumwagikia la matangi ya paani. Matangi mawili yaliyounganishwa chini yakiwa kwenye vimo tofauti, la chini humwagika kabla la juu kujaa. Yawekwe usawa mmoja, kwa boya moja na swichi moja ya boya inayozima pampu.

Dalili: maji yamebadilika ladha au rangi

Pampu iliyounganishwa moja kwa moja kwenye bomba la mtaani, kabla ya tangi, ing'olewe leo. Inavuta uchafu wa udongo na wa maji taka kupitia kila ufa wa bomba lililozikwa. Maji yaingie tangini kwanza kwa presha yake yenyewe, mdomo wa kuingizia ukiwa juu ya tundu la kumwagikia.

Kama ploti pia inatumia kisima cha kuchimba, maji hayo yasiunganishwe na ya kampuni kwenye bomba moja. Maji ya ardhini sehemu nyingi za Nairobi yana floridi nyingi, mara nyingi kupita miligramu 1.5 kwa lita ambazo Shirika la Afya Duniani linashauri. Kuchemsha hakuiondoi. Yawe na tangi lake na mabomba yake, kwa choo na kufulia, na yapimwe maabara kabla mtoto hajayanywa.

Mpangilio wa pesa

Wiki ya kwanza ni mchoro, vipimo na kusafisha kichujio. Wiki ya pili, koki ya boya, koki kuu, raba za vyoo, vali za njia moja, na koki ya kufungia kwa kila ghorofa ili ukarabati wa nyumba moja usiwakatie wengine. Pima tena. Wiki ya tatu na kuendelea, bomba la kupanda na bomba la ghorofa za juu. Stendi na tangi vije mwisho, kwa ukubwa uliotoka kwenye hesabu.

Bandikeni karatasi ndani ya kibanda cha pampu: tarehe, mita kabla na baada ya mgao, kina cha tangi la chini, saa pampu ilipowashwa na kuzimwa, na kitu chochote kilichobadilishwa pamoja na kipenyo chake. Nakala ya mchoro ikae kwa keateka na nyingine kwa kamati, kwa sababu keateka huhama. Yeyote anayetaka kuunganisha kifaa kipya aonyeshe kwanza kwenye mchoro kitakaa wapi na kitavuta kutoka wapi.

Kuhusu zile pampu sita: zipimeni moja moja kwa mtungi wa lita 20, chagueni mbili zenye nguvu, wenye nazo walipwe na ploti nzima. Zifungeni sambamba kwenye mita ya stima ya ploti, kila moja na vali yake ya njia moja, koki zake mbili na yunioni mbili (viungo vinavyofunguka) ili ing'oke bila kukata bomba. Moja ifanye kazi, nyingine ipumzike, na zibadilishane kila Jumatatu asubuhi, ili ile ya akiba isigande kwa kutu siku inapohitajika.